Makobola: Sauti za wakaaji zisiwekwe kwenye depo isiyojulikana mwenyewe

Redio za jamii za pwani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira kupita Makobola hadi Baraka, zina desturi moja ambayo imefika wakati ikomeshwe. Ni desturi ya kuamua mahali pa kuweka habari na sauti za wakaaji kwenye intaneti bila kuwauliza wenye sauti hizo. Mara nyingi kazi hiyo anaachiwa kijana mmoja anayejua kompyuta. Yeye ndiye anayechagua kampuni, anayeandikisha jina la tovuti na anayeshika nenosiri. Mkurugenzi hajui, kamati haijui, na wasikilizaji ndio kabisa hawajui. Siku kijana akipata kazi Bukavu au akivuka kwenda Bujumbura, tovuti inaondoka naye.

Wengine wanasema hilo ni jambo la mafundi, raia wana shida kubwa zaidi: usalama, chakula, barabara, watoto wasiosoma. Shida hizo ni za kweli. Lakini Makobola si mahali pa kusema kwamba kumbukumbu ni jambo dogo.

Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu waliuawa Makobola II na vijiji vya jirani, katika wilaya ya Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 1 Oktoba 2010, ile inayoitwa Ripoti ya Mapping, inataja zaidi ya watu 800. Ripoti hiyo ilichunguza matukio 617 yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Orodha ya majina ya washukiwa haikutangazwa. Umoja wa Mataifa unaitunza kwa siri. Maana yake ni kwamba kuna watu mbali huko wanaojua karatasi zao ziko wapi na nani ana ufunguo. Na huku kwetu? Majina ya waliokufa, masimulizi ya waliookoka, matangazo ya kila mwaka ya kukumbuka, orodha za watoto waliopotezana na wazazi: vitu hivyo viko kwenye seva ya nani? Waulizwe wakurugenzi wa redio swali hilo moja tu, ionekane ni wangapi watajibu bila kumpigia mtu simu kwanza.

SEVA NI DEPO

Kwa asiyejua, seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana ili mtu yeyote mwenye simu aweze kuomba habari au sauti iliyohifadhiwa humo. Kampuni inayokodisha nafasi kwenye seva ni kama mwenye depo kule bandari ya Kalundu. Unamlipa, unaweka mzigo wako, unachukua unapotaka. Mfanyabiashara wa ndagala hawezi kuacha magunia yake kwenye depo bila kujua mwenyewe ni nani, bati linavuja au halivuji, na risiti imeandikwa jina la nani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nini sauti za watu zitunzwe kwa uangalifu mdogo kuliko ndagala?

Depo ambayo redio nyingi zimekimbilia ni Facebook, kwa sababu ni bure na watu wako pale. Ni kweli wako pale. Familia iliyoko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au iliyo Burundi, inaona habari kwenye Facebook na WhatsApp kabla ya kuiona mahali pengine popote, na hakuna anayesema redio iondoke huko. Facebook ni kipaza sauti kizuri. Kosa ni kukifanya kipaza sauti kuwa sanduku la kutunzia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Ukurasa unaweza kufungwa kwa malalamiko ya watu wachache, na redio ya kijijini haina mlango wa kubisha kuuliza kwa nini. Picha za mauaji, hata zikiwekwa ili kuomboleza, zinaweza kufutwa kwa kanuni zilizoandikwa na watu wasiojua Makobola iko upande gani wa dunia. Na kabla ya kusema kampuni kubwa haiwezi kupoteza vitu vya watu, ikumbukwe MySpace. Mwaka 2019 ilikiri kwamba muziki uliowekwa kwake tangu 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikuwa nyimbo kama milioni 50. Waliokuwa hawana nakala nyingine walibaki mikono mitupu.

Cha kuazima hakisitiri. Methali hiyo kila mtu anaijua, lakini redio zetu bado zinaendelea kuazima.

TOVUTI ZA MIRADI

Kuna ugonjwa wa pili, na huu mashirika wafadhili yausikie vizuri. Mradi unakuja, unafanya semina ya siku tatu, unalipia tovuti mwaka mmoja, unapiga picha na kuandika kwenye ripoti kwamba redio imepata tovuti. Mwaka unapita, mradi umekwisha, bili inakwenda kwenye barua pepe ya mtu aliyekwisha rudi kwao. Hakuna anayelipa. Jina la tovuti linaachwa huru na yeyote anaweza kulinunua, hata muuza kamari. Habari zote zinazimika.

Jambo hili haliwapati wanyonge peke yao. Liliwahi kulipata jina la nchi yenyewe. Tovuti za Kongo zinaishia na herufi .cd, zilizochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire. Ili simu ipate tovuti ya .cd, lazima kwanza iulize seva maalumu zinazoelekeza njia. Baadhi ya seva hizo zilitumia jina scpt-network.com, lililohusiana na shirika la posta na simu la serikali. Mwishoni mwa 2020 jina hilo liliachwa bila kulipiwa. Mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliliona likikaribia kufutwa, akalinunua yeye kusudi lisiangukie mikononi mwa wezi, akawajulisha wahusika. Habari ilitangazwa Januari 2021. Kwa maelezo yake, aliyekuwa na jina hilo angeweza kushika nusu ya maombi yote ya tovuti za .cd na kuyapeleka anakotaka. Watu wengi hawakuona kitu, kwa kuwa seva nyingine ziliendelea kujibu. Kama jina la nchi liliponea chupuchupu kwa bili ya dola chache, jina la redio ya kijijini litalindwa na nani?

Dawa yake haihitaji ufundi wowote. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la redio, si la fundi wala la mradi. Lilipiwe miaka kadhaa kwa mara moja, kampuni nyingi zinaruhusu. Barua pepe ya onyo iende kwa watu watatu. Mfadhili anayetaka kusaidia kweli alipe miaka mitano kabla ya kupiga picha.

WAPI PA KUIWEKA?

Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo. Wapo wanaosema: tununue kompyuta yetu, tuiweke ofisini, vitu vyetu vibaki kwetu. Maneno hayo ni matamu lakini hayajapimwa na maisha ya huku. Umeme wa Uvira unakuja na kwenda. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Maji hayakuchagua ofisi wala nyumba ya kulala. Na vita? Mwaka 2025 Goma ilianguka Januari, Bukavu Februari, na redio kadhaa za jamii katika Kivu ziliporwa au kunyamaza. Desemba vita vikafika Uvira yenyewe na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kubeba seva. Anayebaki nayo ni yule aliyeingia na bunduki, na ndani ya mashine hiyo kuna majina ya watu waliozungumza.

Wengine wanasema Kinshasa. Kuna vituo vya kisasa huko, na kulipa kampuni ya nchini ni jambo la heshima. Lakini tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi wa simu nchi nzima, na hali hiyo ikaendelea kwa karibu siku 20. Hata Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi. Wasikilizaji watazame tena tarehe hiyo ya 2018. Ilikuwa katikati ya siku zilezile Makobola inapokumbuka watu wake, na mwaka huo ilikuwa inatimiza miaka 20. Nchi inapojifungia namna hiyo, tovuti iliyo ndani haionekani nje. Iliyo nje haionekani ndani, isipokuwa kwa walio karibu na mpaka wanaoshika laini ya nchi jirani. Lakini ndugu walioko Nyarugusu, Bujumbura, Nairobi au Marekani wanaendelea kuisoma. Kwa jamii ambayo watu wake wengi wako nje kwa sababu ya vita, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Basi seva kuu iwe nje ya nchi. Hapo wapo watakaouliza: si ndiyo kuwapelekea wazungu vitu vyetu? Facebook nayo iko nje, na hakuna aliyelalamika. Anayelipa ana mkataba, ana haki ya kuchukua vitu vyake vyote siku yoyote na kuhamia kampuni nyingine. Anayekaa bure hana mkataba wa namna hiyo.

Lakini nje si peponi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na tovuti kwa mamilioni zikazimika. Baadhi ya wateja walipoteza kila kitu, kwa sababu walidhani kukodi seva ni sawa na kuwa na nakala ya akiba. Kama mjini Strasbourg jengo liliungua, hakuna mahali pa kuamini peke yake.

Kwa hiyo jibu si mahali pamoja. Seva nje, nakala moja upande wa ziwa lakini isilale katika jengo la redio, na nakala nyingine kwa waliohama. Gharama isitumiwe kama kisingizio. Mazungumzo ya saa moja yakihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa sauti, kilobiti 64 kwa sekunde, yanachukua kama megabaiti 29. Masimulizi ya saa 1,000 yanaingia kwenye kifaa kinachotosha mfukoni. Kamati ya watu wa Makobola walioko kambini inaweza kutunza kifaa hicho, kilichofungwa kwa nenosiri, na kukibadilisha kila baada ya miezi michache. Siku zote waliohama wamehesabiwa kama watu wa kupewa. Katika jambo hili wao ndio wanaoweza kuwatunzia waliobaki.

MFUMO GANI NDANI YA MASHINE?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziongoza programu nyingine. Kwa seva uchaguzi ni kati ya Windows ya Microsoft, inayolipiwa leseni, na familia ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo mtu anaweza kuitumia bila kulipa. Mafundi wetu wengi wamezoea Windows, na mara nyingi ni ile ya kunakili kwa rafiki. Kwenye kompyuta ya kuchapa barua hilo limevumiliwa. Kwenye seva yenye ushuhuda wa watu ni hatari, kwa sababu nakala ya wizi inaweza kuja na mdudu ndani yake, na mwenye nayo huogopa kuifanyia marekebisho ya usalama.

Kuna sababu nyingine ya mega, na huku kila mtu anahesabu mega. Seva ya Linux inaongozwa kwa kuandika maneno tu. Fundi aliye Makobola na simu ya mtandao dhaifu anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuifunga kwa kilobaiti chache. Kuiongoza Windows kutoka mbali, kama wengi walivyozoea, ni kuvuta picha ya skrini nzima, na kifurushi cha siku kinaisha kabla ya kazi. Na marekebisho ya seva hayali mega za redio, yanapakuliwa hukohuko ilipo seva.

Ndani ya Linux pia kuna kuchagua. Bei haitoshi, swali ni ahadi itadumu hadi lini na nani aliyeitoa. Mfano ni CentOS, iliyopendwa na kampuni nyingi za seva. Waliohamia toleo lake la 8 walijua litahudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ikatangaza kwamba huduma itakoma mwisho wa 2021. Watu duniani kote walilazimika kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na hasira hiyo. Debian, iliyoanzishwa 1993, inaendeshwa na jumuiya ya watu wanaojitolea na kupiga kura, haina kampuni moja inayoweza kuamka na kubadili mawazo. Kila toleo lake linapata miaka kama mitano ya marekebisho. Ubuntu, inayotokana na Debian, nayo inatoa miaka mitano kwa matoleo yake ya muda mrefu. Kwa redio ndogo, Debian au Ubuntu ya muda mrefu inatosha, na fundi yeyote atakayekuja baadaye ataikuta katika vitabu na masomo ya bure.

Ila ukweli mmoja usifichwe na mafundi. Seva ya kujiongoza mwenyewe, hata ikiwa ya dola 5 au 10 kwa mwezi, inataka mtu wa kuirekebisha kila wiki. Redio isiyo na mtu huyo isijitwike. Ikodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ambako kampuni yenyewe inarekebisha mfumo endeshi, na redio inabaki na kazi ya kuweka habari na kuchukua nakala. Fundi anayesisitiza seva kubwa kwa redio yenye habari tatu kwa wiki anatafuta kazi ya kudumu. Msikilizaji wa Nyarugusu anahitaji ukurasa mwepesi unaofunguka kwenye simu ndogo, na seva kubwa haimsaidii kwa hilo.

YASIYOPASWA KUWEKWA

Kuna vitu ambavyo hata depo bora isipewe. Ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, jina la shahidi aliyemtaja muuaji, picha ya mtoto na kijiji anakojificha: hivyo visiwekwe kwenye tovuti, hata katika sehemu inayosemekana imefungwa. Kila seva inaweza kuingiliwa. Sauti kamili ibaki kwenye vifaa vilivyofungwa kwa nenosiri, na tovuti ipewe ile tu ambayo mwenyewe ameiruhusu, baada ya kuelezwa kwa lugha yake itasikika wapi na nani anaweza kuisikia. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu 13 Machi 2023, nayo inagusa ulinzi wa habari za watu. Redio isingoje hakimu aje kuifundisha. Anayechukua sauti ya mtu amechukua amana.

MASWALI YA KUULIZA

Wakaaji wana haki ya kuisimamisha kamati ya redio na kuiuliza. Jina la tovuti limeandikishwa kwa nani, na linaisha lini? Nani watatu wana nenosiri, na mmoja wao akifa au akihama itakuwaje? Kampuni inalipwaje: kwa kadi ya benki ya mtu mmoja aliyeko mbali, au kwa njia ambayo redio yenyewe inaweza kuitumia? Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na je, kuna aliyewahi kujaribu kuifungua aone kama inasikika? Mfumo endeshi wa seva utahudumiwa hadi mwaka gani? Tukitaka kuhama kesho, vitu vyote vinatoka kwa siku ngapi?

Kamati isiyo na majibu ipewe mwezi mmoja iyatafute. Na yaliyoamuliwa yatangazwe hewani, kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, ili aliyeko Makobola na aliyeko kambini wajue pamoja mahali sauti zao zilipo.

Waliouawa Makobola walizikwa haraka, na kuna familia ambazo hadi leo hazina mahali pa kuonyesha kaburi. Kwa familia hizo, jina lililotajwa redioni na kuhifadhiwa ndilo lililobaki. Fundi, mfadhili na mkurugenzi wote wakumbuke hivyo kabla ya kutia sahihi kwenye mkataba wowote wa seva.